Kipa wa Kuuza

Nyinyi vijana, filimbi ya mechi ya mwisho ikilia tu, mnakunja jezi na kusema msimu umekwisha. Umekwisha wapi? Mbuzi wakianza kula majani golini ndipo moyo wangu unapoanza kwenda mbio. Mpira wa uwanjani ni mtamu, sikatai. Lakini kuna mpira mwingine unaochezwa wakati uwanja umelala, unachezwa kwa simu, kwa miguu, kwa chai na kwa mdomo, na huo ndio niliocheza mimi miaka yote ya kazi yangu. Nilikuwa katibu wa usajili wa Vumbi, klabu yetu ya Koboko, huku Uganda mpakani na Kongo. Nani aende, nani aje, nani abaki, hayo yalikuwa yangu. Nikiyasimulia mpaka leo nashindwa kukaa kitini.

Watu wananiita Mama Kiden. Nimestaafu, magoti yamegoma, lakini mdomo bado uko kazini. Kila wiki kuna kijana anabisha hodi kuniuliza namna ya kupanga timu bila kupasua kofia, na kila mmoja ninamwambia lake kwa sababu nikianza sijui kuishia. Basi leo nimeamua kuandika, mniache nipumzike. Uongo huo, msiniache. Njooni hata kesho.

Nianze na kofia, maana wengine mnaitaja tu bila kujua ilikotoka. Zamani ligi yetu ya kutoka Arua mpaka Koboko haikuwa na kofia yoyote. Mwenye pesa alinunua kila mguu unaojua kupiga mpira, sisi tukabaki na wachezaji wa kusindikiza. Tajiri mmoja alikusanya washambuliaji hata wengine hakuwajua majina, akatufunga sote mpaka watu wakaacha kuja uwanjani. Mashabiki wake mwenyewe walichoka, maana kushinda bila kushindana hakuna utamu. Ndipo klabu zikakutana Arua Hill, kwenye ile nyumba ya zamani ya wakoloni yenye baraza pana ambako ligi imekodi chumba. Mwanasheria mmoja akaeleza kwamba jumla ya mishahara ya kila klabu iwekewe kikomo, na hicho kikomo akakitaja kwa neno la Kiingereza, cap, ambalo sisi wote tulilijua kuwa ni kofia ya kichwani.

Mjumbe wa Omugo akainua mkono. "Mimi nataka uliza," akasema. "Hiyo kofia, ligi iko napatia sisi, ama kila mtu atanunua yake?"

Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Lakini jina likabaki, na hata mwanasheria mwenyewe akaanza kusema kofia. Sheria yake ni rahisi kuitamka na ngumu kuishi nayo. Kila unachompa mchezaji, mshahara, nyumba, chakula, nauli, kinaingia kwenye kofia. Akishatia saini anahesabiwa kwako mpaka msimu uishe, labda klabu nyingine imchukue. Huwezi kumfukuza ili upate nafasi. Na siku ya mwisho ya usajili, ikifika saa kumi na moja jioni, klabu ambayo kofia yake imefurika haisajiliwi kabisa. Inakaa nyumbani msimu mzima, inasikiliza mechi za wenzake kwenye redio.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Abasi, Mnubi wa hapa Koboko, aliyekuwa mtunza stoo jeshini kabla ya kuja klabuni. Huyu alilichukua neno kofia kama lilivyo. Alivua kofia yake ya kushonwa, akaigeuza mdomo juu mezani, akaleta bakuli la karanga. Kila mchezaji na karanga zake kulingana na anacholipwa. Nahodha konzi nzima, kijana wa akiba punje chache. Unawamimina mmoja mmoja, unaanza na wale ambao bila wao huna timu, mpaka karanga zifike ukingoni. Zikimwagika, kuna mtu lazima atoke.

"Kiden," aliniambia, "macho iko nadanganya. Karanga hapana danganya."

Nilidhani ni mchezo wa watoto mpaka nilipoona vile wenye hesabu nzuri za karatasini walivyoanguka. Klabu nyingi hazikupasua kofia kwa sababu ya nyota wao. Zilipasua kwa vijana wa akiba, punje mbili huyu, punje tatu yule. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa huna pa kumweka mshambuliaji. Hilo lishikeni. Ukitaka kupunguza, anza kutazama chini ya kofia kabla hujatazama juu.

Karanga nazo zina hatari yake. Mwenyekiti wetu wa wakati ule alipenda kutafuna huku anasikiliza. Kikao kimoja tumepanga vizuri, tumefika kwa viungo, nikaona kofia bado ina nafasi kubwa. Nikaruka! Nikasema jamani, tumwongeze winga! Mzee Abasi alimtazama mwenyekiti mdomoni, kisha akasema kwa adabu zote, "Mkubwa, pole, lakini wewe nakula beki ya kushoto." Tangu siku hiyo karanga za kazi zilikuwa mbichi, za ndani ya maganda, na hakuna aliyezigusa.

Jambo jingine. Mchezaji usimtazame akicheza tu. Kucheza kila mtu anajipamba. Mfuate msimu ukiwa umelala, uone anavyokaa na kazi. Nilimpata beki wangu bora kule Abuku akilima muhogo wa mama yake. Nilisimama ukingoni mwa shamba nikamtazama amalize mstari mzima bila kunyoosha mgongo, na nilipomwona anarudi nyuma kurekebisha tuta moja lililopinda, nikajua huyu hataacha mtu nyuma yake dakika ya mwisho. Lakini mama yake alinibana. "Wewe nachukua huyu," akasema, "nani atatoa muhogo yangu?" Sikuwa na karanga hata moja ya kuongeza. Nikamwambia timu nzima itakuja kuvuna. Tukaenda kweli, kipa na nahodha na kocha, tukavuna mpaka jua likazama. Ligi ikauliza kama hayo ni malipo ya kuingizwa kwenye kofia. Nikajibu hayo yalikuwa mazoezi ya viungo, waulize migongo yetu. Wakatuacha.

Siku hizi mambo yamebadilika, na mimi si wale wazee wa kulia kila kipya kikija. Binti aliyechukua nafasi yangu anapanga kikosi kwenye kompyuta ndogo, anabonyeza hapa, kofia inakuwa nyekundu pale. Anatumiwa video za wachezaji kwenye simu akiwa anakunywa chai. Mimi nilipanda boda mpaka mfupa wa kiuno ukahama nikamtazame mtu mmoja. Nampigia makofi. Ila nilipoingia ofisini kwake juzi niliona kofia ya Mzee Abasi iko dirishani, na karanga ndani. Nilipomuuliza akacheka, akasema kompyuta inazimika umeme ukikatika.

Sasa nije kwenye siku ambayo nusura niipoteze klabu ya Koboko kwa neno moja la Kiswahili. Neno lenyewe ni kuuza.

Tulikuwa na kipa anaitwa Drani. Wote mnamjua, mikono kama makasia. Mwaka uliotangulia aliidaka penalti ya mwisho ya Umoja wa Soko, klabu ya wafanyabiashara wa Arua, akatupa kombe, na mimi nilipoteza kiatu kwa kuruka. Lakini Drani alikuwa amepanda bei, karanga zake zilijaza konzi mbili. Tena mke wake alikuwa amepata kazi ya ualimu Arua, na Drani mwenyewe alinijia akasema, "Mama, ukipata mtu kule, mimi nataka enda." Nami nyuma yake nilikuwa na kipa wa akiba asiyelipwa sana. Basi nikaona mlango umefunguka. Drani atoke, na nafasi yake kwenye kofia nimpe Lemi.

Lemi! Hamkumwona Lemi akiwa kijana. Alikuwa anacheza kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Omugo, pembeni mwa uwanja usio na nyasi, na mpira ukimfikia watu waliacha kuzungumza. Nilikuwa namtaka huyo mpaka nikamwota. Klabu nyingine zilishaanza kumzungukazunguka, na ilibidi niwahi.

Nikampigia simu Papa Bahati, mkuu wa Umoja wa Soko. Papa ni Mkongo, muuza vitenge, wakati huo alikuwa hajatimiza hata miaka miwili Arua tangu atoke Bunia. Na hapa muijue desturi ya kazi yetu. Jina la mchezaji halitajwi kwenye simu, kwa sababu simu ina masikio, ukitaja jina asubuhi, mchana mashabiki wako mlangoni. Na bei haitajwi kwenye simu, bei ni ya uso kwa uso. Unataja namba anayocheza tu.

"Papa, jambo. Hapa Mama Kiden wa Vumbi."

"Jambo, mama! Habari ya Koboko?"

"Iko salama. Sikia, Papa. Mimi nataka kuuza kipa."

Nikasikia mtu anafurahi kama amepata mjukuu. "Mungu iko mukubwa! Mama, miye kabisa nilikuwa nafikiri ile mambo ya kipa. Unataka kuuza mbio?"

"Mbio kabisa. Siku ya mwisho isipite."

"Haina tatizo. Kuja Arua Hill siku ile ya mwisho, muchana. Nitakuuzisha muzuri."

Nitakuuzisha! Mimi nikalisikia kwa masikio ya Koboko, nikadhani anasema atanisaidia niuze vizuri. Nikaweka simu chini nikapiga kigelegele peke yangu ofisini. Siku ile ile nikaenda Omugo, nikamtia Lemi saini, watu wake wakatupikia, tukacheza ngoma. Niliporudi nikamwaga karanga. Kofia ilifurika hadi mezani, lakini sikujali, maana konzi mbili za Drani zilikuwa zinaondoka. Mzee Abasi angekuwepo angenipiga kofi mkononi. Alikuwa na msemo wake, usiteke maji mapya kabla hujamwaga ya zamani. Furaha ilinizidi, ndiyo hivyo.

Siku ya mwisho tukafika Arua Hill, mimi na Drani na begi lake, glavu zimening'inia kwenye mkanda wa begi. Barazani tukamkuta Papa Bahati kwenye shati la kitenge cha njano, na kando yake kijana mrefu mwembamba amekaa juu ya begi. Kwenye mkanda wa begi lake zimening'inia glavu. Makipa wale wawili walitazamana glavu kabla ya kutazamana nyuso.

"Mama," Papa akasema huku anatabasamu, "uko tayari ya kuuza?"

"Iko tayari. Huyu hapa." Nikamsukuma Drani mbele.

"Na huyu hapa," akasema Papa, akamsimamisha yule kijana.

Tukatazamana.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Kipa."

"Kipa ya nini?"

"Mama, si ulisema unataka kuuza kipa?"

"Ndiyo! Nataka kuuza! Sasa wewe naleta kipa ingine ya nini?"

"Ya kukuuzisha!" akapiga kelele Papa. "Weye ulileta yako ya nini?"

"Ya kuuza!"

Tukapandishana sauti mpaka watu wa ofisi wakatoka nje. Mwalimu Onzima, katibu wa ligi, alikuwa amefundisha shule karibu na mpaka miaka mingi. Alisimama mlangoni akatusikiliza, kisha akakaa kwenye ngazi, akashika mbavu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akasema, "Mama Kiden, kwao kule, kuuza ni kununua. Mtu akitaka kutoa kitu chake, anasema kuuzisha. Papa alisikia wewe unataka kununua kipa."

Jamani. Nilizaliwa hapa, nimeuza na kununua na Wakongo sokoni tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kulijua hilo, kwa sababu wale wa sokoni walishazoea Kiswahili chetu. Papa alikuwa mgeni. Kuuliza si ujinga, nasi hatukuulizana hata swali moja. Watu walikuwa wanacheka baraza zima, na mimi nikacheka pia, kisha kicheko kikaniishia ghafla. Kofia imefurika. Lemi ameshatia saini, siwezi kumrudisha. Drani yuko kwangu mpaka msimu uishe asipochukuliwa. Jua limeshainamia upande wa Kongo. Ikifika saa kumi na moja, Koboko haina timu. Niliogopa, wanangu. Niliwaona watu wa Koboko wakinisubiri stendi waniulize nimefanya nini.

Sasa sikieni vizuri, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mtu akiwa na shida hutazama shida yake. Ukitaka kupona, mtazame mwenzako. Nikamtazama Papa Bahati. Alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaitazama mikono ya Drani.

"Mama," akasema polepole, "huyu si ni ule mutu ya penalti?"

Moyo ukanipiga pa! Kwa sababu ya ile desturi ya kutotaja majina, Papa hakujua ni kipa yupi ninayemtoa, na katika akili yake haikuwezekana Vumbi wamwachie Drani. Alikuwepo siku ya fainali, alitupa mwavuli wake uwanjani kwa hasira. Sasa mtu wa penalti amesimama mbele yake na begi mkononi. Nikaona furaha inampanda shingoni, naye kama mfanyabiashara akaimeza haraka.

"Lakini amezeeka," akasema.

Hapo nikajua nimepona nusu. Mnunuzi anayetia kasoro amekwisha kupenda.

"Amezeeka?" nikamwambia. "Wewe mwavuli yako ulitupia nani?"

"Na goti yake?"

"Drani, ruka." Drani akaruka, akagusa boriti ya baraza, vumbi la wakoloni likatuangukia sote.

Papa akajipangusa, akazunguka, akarudi. Kofia yake, akasema, haibebi makipa watatu. Ana mzee wake wa kwanza, na huyu kijana, Musafiri. Kumchukua Drani lazima Musafiri atoke. "Tubadilishane," akasema. "Weye utwae huyu, miye nitwae ule."

Nilikuwa na karanga kwenye mkoba, sikuwahi kusafiri bila karanga. Nikaomba kofia ya Mwalimu Onzima, nikapiga magoti pale barazani mbele ya watu, nikaanza kumimina kikosi. Nahodha. Beki wa Abuku. Lemi. Wote, mmoja baada ya mwingine, bila Drani. Watu walikuwa wameinama juu yangu wakihesabu pamoja nami. Nikauliza Musafiri analipwaje, Papa akanionyesha kwa vidole, nikamimina mshahara, nikamimina chakula. Karanga zikafika ukingoni kabisa. Imebaki nyumba. Nikamimina nyumba, na punje zikavingirika sakafuni.

Mtu nyuma yangu akasema, "Uuuwi."

Nikaziokota. "Nyumba tunatoa," nikasema. "Huyu atalala kwangu. Niko na chumba, watoto wameoa."

Mwalimu Onzima akakuna kidevu. "Kitanda cha Mama Kiden si malipo hayo?"

"Kama ni malipo, Mwalimu, watoto yangu yote iko na kandarasi, na hakuna hata moja alicheza mpira."

Baraza likaripuka kwa kicheko, na Mwalimu akaingia ndani kuleta fomu. Nilidhani tumemaliza. Lakini kanuni inasema mchezaji mwenyewe atamke kwa mdomo wake mbele ya katibu kwamba amekubali. Drani alitamka kabla hajaulizwa, akacheka kwa meno yote, maana mke wake alikuwa umbali wa kuteremka mlima tu. Mwalimu akamgeukia Musafiri.

Musafiri hakuinuka. Katika kelele zote zile hakuna aliyemtazama, hata mimi. Tulikuwa tunamwaga karanga zake mbele ya macho yake, na yeye amekaa juu ya begi. Jua linazidi kushuka. Nikamsogelea.

"Mwanangu, nini?"

Akazungumza akitazama glavu zake. "Mama, Bunia waliniuza, kisha wakaniuzisha Ariwara. Ariwara wakaniuzisha hapa. Kila pahali naweka begi chini, sijacheza hata mechi, wananiuzisha mbele. Sasa niambie kweli. Uko unaniuza, ao utaniuzisha kesho?"

Swali lile lingeniingia sikio moja likatokea jingine asubuhi ya siku hiyo. Sasa nililielewa kila silabi, na lilinichoma. Wanangu, kazi ya usajili inaweza kumfanya mtu aone punje tu na asione watu. Nikachuchumaa, magoti wakati ule bado yanakubali, nikamshika mikono yote miwili.

"Nakuuza," nikamwambia. "Kwa Kiswahili chenu, nakuuza. Kukuuzisha, mimi hapana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Akanitazama machoni mara ya kwanza. Kisha akasimama, akaenda mezani, akatamka, akatia saini. Mwalimu Onzima akagonga muhuri, na nilipotoka nje niliruka nikiwa na umri wangu wote, Drani akanidaka.

Msimu ule hatukuchukua kombe, lakini Lemi alitufurahisha mpaka uwanja ukawa mdogo. Mechi yetu na Umoja wa Soko, Drani goli hili, Musafiri goli lile, ilimalizika bila bao. Mashabiki walinung'unika. Waliofurahi ni mimi na Papa Bahati tu, tumekaa pamoja tunagongana mabega, kila mmoja anasema kipa wake ndiye bora.

Ahadi ni deni, na deni hilo nililipa. Kila msimu ulipolala, simu zilikuja kuniulizia Musafiri, nyingine za klabu kubwa za mbali. Nilimpelekea kila moja nikamwambia aamue yeye, na kila mara aliamua kubaki. Wajumbe walinisukuma nimwachie tupate nafasi ya winga, tupate nafasi ya kiungo. Nilimimina karanga upya, nikatafuta nafasi pengine. Na kila msimu ulipoanza, mechi ya kwanza, kabla filimbi haijalia, Musafiri aligeuka kutoka golini akanitafuta kwa macho na kupaza sauti mbele ya watu wote:

"Mama, umeniuzisha?"

Nami nikamjibu, "Bado!"

Jumapili iliyopita msimu ulianza. Sina ofisi tena, sina muhuri, sina mchezaji ninayeweza kumtoa wala kumleta. Nilikaa nyuma ya goli kwenye kigoda changu kama shabiki mwingine yeyote. Musafiri sasa ana mvi mbili tatu na kitambaa cha unahodha. Alipanga glavu zake, akagonga miamba ya goli, kisha akageuka akanitafuta, akanikosa, akatafuta tena mpaka akaniona.

"Mama! Umeniuzisha?"

Nikasimama, magoti na yote.

"Bado!"